Mwaka wa Hali Adimu

Siku ile pale mizanini walikuwapo mdogo wangu Ilunga, karani wa kuandika uzito wa magari ya mawe ya madini. Mesye Kalenga, bwana mwenye depo iliyonunua mawe hayo. Tata Saidi, dereva mzee, ambaye lori lake lilikuwa bado juu ya mizani. Madereva waliomfuata kwenye foleni, wengine wamelala chini ya magari yao kukwepa jua. Enjenia Didier, aliyetumwa kutoka Lubumbashi na kampuni iliyouza ile mizani na kompyuta yake. Polisi wawili waliokuja kwa pikipiki. Na mimi, nimesimama mlangoni na sahani ya bukari, ugali wetu, iliyofunikwa kitambaa, kwa sababu ilikuwa saa ya Ilunga ya kula. Nawataja wote kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Tata Saidi. Nilipokuwa nimekaa kwenye mkeka nyumbani kwake mtaa wa Manika, kati ya wake za wasafirishaji, niliangalia nyuso nikaona kwamba wanaoweza kusema "mi nilikuwa pale" wanakwisha. Ripoti ya siku ile yenyewe haifi. Imelala ndani ya faili, imeandikwa na mtu mmoja kwa Kifaransa kizuri, na inasema uongo. Mimi sina faili. Nina mwaka mmoja ninaoukumbuka chumba kwa chumba na sahani kwa sahani, na nina hasira ambayo sijawahi kuiombea ipoe.

Habari za wazazi wetu sitazieleza hapa. Inatosha kusema kwamba mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, kwamba niliacha shule ili wadogo zangu Ilunga na Kabedi wabaki shule, na kwamba tangu hapo mtaa mzima uliacha kuniita Jorjeti ukaniita Yaya, yaani dada mkubwa, hata wazee. Nilikuwa na malewa, banda la chakula la kuta za mabati, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye depo. Meza zilifunikwa plastiki ya maua, jiko la makaa lilikuwa nyuma, na mbele kulikuwa na dirisha lisilo na kioo ambalo kupitia kwake niliiona mizani yote, na kibanda cha Ilunga, na kichwa cha Ilunga mwenyewe kimeinama mbele ya kompyuta. Nilipokuwa nasonga bukari na kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo, nilikuwa nakitazama kile kichwa. Wateja walinicheka. "Yaya, utaunguza sombe. Mutoto hataruka, ameketi tu." Niliwajibu kwamba mutoto wangu yuko ku ordinateri, yaani kwenye kompyuta, na wao watoto wao wako wapi? Walicheka zaidi. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia katika dunia hii, na sikuona haya kujivunia kile.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa sababu ni kitu kidogo na watu wote wenye elimu walikifanya kionekane kikubwa. Lori likija na mawe linapanda mizani, kompyuta inaandika uzito wake, karani anatoa tiketi, mwenye mawe analipwa kwa tiketi ile. Kwa muda fulani tiketi zilianza kuwa na uzito usioeleweka. Lori dogo la Tata Saidi likaandikwa uzito wa trela. Siku nyingine trela likaandikwa uzito wa lori dogo, na dereva akapiga kelele kwamba ameibiwa, akaambiwa mizani haisemi uongo, akaondoka akitukana. Dereva alipopunjwa hakuna aliyeita polisi. Mesye Kalenga alipogundua kwamba na yeye amelipia mawe ambayo hayapo, siku hiyohiyo aliita enjenia na polisi pamoja.

"Ilunga," alisema, akiwa amesimama katikati ya kibanda na kofia mkononi, "angalia hii lori ya Saidi. Iangalie na macho. Inaweza kubeba mawe ya trela?"

"Apana, patron. Lakini mi naandika kile mashini inaonyesha."

"Naye Saidi anakupatia nini?"

"Eh, Mesye Kalenga!" Tata Saidi alipaza sauti kutoka dirishani mwa lori. "Mi nina miaka mingi kuliko baba yako. Usinitie mu bwizi ya batoto."

Didier alikuwa ameketi kwenye kiti cha Ilunga. Alikuwa kijana mzuri, shati jeupe, viatu vyeupe ambavyo vumbi letu jekundu lilikuwa limeanza kuvila. Alibonyeza vitu kwa muda, akachomeka kifaa, akachomoa. Kisha akasema bila kugeuka, kana kwamba anaongea na ukuta: "Mashini haina neno. Ni makosa ya mutu mwenye kuitumikisha." Akaandika ripoti palepale. Polisi walimshika Ilunga mikono, mmoja kila upande, naye alinitazama mimi na ile sahani, akasema kitu ambacho mpaka leo sijui kilitoka wapi: "Yaya, chakula kitapoa." Walimpandisha pikipiki katikati yao. Nilibaki na bukari. Madereva walivua kofia kama msiba unapita.

Didier alilala mjini kwetu, Kolwezi, kwa sababu alikuwa na kazi asubuhi kwenye mashine ile. Mchana wa siku hiyo ya pili akaja kula kwangu. Jana yake hakugeuka hata mara moja kunitazama mlangoni, kwa hiyo hakujua mimi ni nani. Kwake nilikuwa mama wa bukari. Alikaa meza ya karibu na jiko, akaagiza tomsoni, yaani samaki wa barafu, na lengalenga, mchicha wetu, akaanza kula kwa mkono wa kulia na simu kwenye mkono wa kushoto. Aliongea na mwenzake wa Lubumbashi kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba wapishi hawana masikio.

"Eh, njo ile ile ya Likasi," alisema. "Kuran inakatika, lori iko juu, grupu inawaka, mashini inabakia na kilo ya lori yenye ilitangulia. Njo ile… Apana, siwezi kuandika vile. Bale ba kule Ulaya balikataza kusema ku ba kliyan. Niliandika makosa ya mutu. Leo nimeweka vershoni mupya, inaisha." Kwetu njo ni ndiyo, kuran ni umeme, grupu ni jenereta, vershoni ni toleo la programu, na kliyan ni mteja. Akacheka kitu alichoambiwa. "Mama, ongeza tomsoni."

Niliongeza. Nilimwekea kipande kizuri cha mgongo, nikamwongezea na mchuzi, kwa sababu nilitaka aendelee kusema. Aliendelea kidogo. Alisema kasoro hiyo inajulikana, ina namba yake, imeandikwa mahali fulani. Ndipo nikavuta kiti nikaketi mbele yake, nikajifuta mikono kwenye kitenge.

"Tata," nikamwambia, "ule mutoto ya mizani ni mudogo yangu."

Aliacha kutafuna. Simu aliilaza mezani, uso wake chini.

"Mama, ulisikia vibaya."

"Nilisikia muzuri. Andika vile ulisema ku telefone, mi nitabeba karatasi ku polisi."

"Haiko kazi yangu kuandika. Maelezo iko, lakini iko ya ba kliyan benye mukataba. Iko na namba ya siri." Alisimama, akaacha samaki nusu. "Mama, mi ni mutumishi tu."

Nimefikiria sana neno lile la mwisho katika miaka iliyofuata. Ilunga naye alikuwa mtumishi tu. Tofauti ni kwamba mmoja alijua kwa nini mashine inasema uongo na mwingine hakujua, na aliyejua ndiye aliyekula samaki wangu. Na lile toleo jipya aliloliweka asubuhi ile, sikuelewa maana yake mpaka baadaye: ilikuwa kama mtu kuosha sakafu kabla wapelelezi hawajafika. Tangu siku ile mizani ya Kalenga haikukosea tena. Kila aliyetaka kumshitaki Ilunga aliweza kusema, unaona, alipotoka yeye wizi ulikwisha.

Hakimu aliyepewa faili lile alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ilikuwa heshima, kwa kuwa wengi hawakunisikiliza hata mwanzo. Kisha akasema, "Mama, mi naamini karatasi. Kampuni inasema makosa ni ya mudogo yako. Niletee karatasi ya kampuni yenye inasema kingine." Nilitoka pale nikiwa na matumaini, mjinga mimi. Nilifikiri karatasi ni kitu cha kutafuta tu, kama makaa wakati wa mvua: inasumbua, lakini ukizunguka unapata. Kabedi, mdogo wetu wa mwisho, aliyejua Kifaransa cha shule, alikaa nami kwenye duka la intaneti la Manika, tukafungua ukurasa wa kampuni. Palikuwa na picha za mizani safi chini ya mbingu safi. Palikuwa na mahali palipoandikwa habari za toleo jipya, na Kabedi akanitafsiria: toleo hili lina marekebisho mbalimbali na linaboresha uthabiti.

"Mbalimbali gani?" nikauliza.

"Haisemi, Yaya. Mbalimbali tu."

Chini yake palikuwa na mlango wa kasoro zinazojulikana. Kabedi aliubonyeza. Ukaomba namba ya mkataba. Tulienda kwa Mesye Kalenga, ambaye alinunua ile mizani, tukamwomba namba. Alikuwa na hasira na sisi lakini alikuwa na hasira na hasara yake pia, akatafuta, na tukakuta kwamba mkataba ulikuwa kwa jina la mtu aliyemuuzia depo, na yule alikuwa amekwenda Angola. Kampuni ilikubali kuchukua fedha za Kalenga kwa jina lake mwenyewe, lakini kumfungulia ukurasa kwa jina lake ikakataa. Kabedi aliwaandikia ujumbe. Walijibu upesi sana, haraka iliyonifurahisha mpaka aliponisomea: tumepokea ombi lako, tafadhali ingiza namba ya mkataba. Akaandika tena, akaeleza kwamba kuna mtu kifungoni. Wakajibu: tumepokea ombi lako, tafadhali ingiza namba ya mkataba. Mwenye duka, ambaye alikuwa akisikiliza kwa sababu chumba kilikuwa kidogo, alisema, "Eh mama, ule anajibu si mutu. Ni mashini pia." Wateja wake walicheka, na mimi nikajikuta nacheka nao, na Kabedi akalia kwa sababu nilicheka.

Mwaka ule nilijifunza chumba kingine, kile cha kupokelea wageni gerezani. Kilikuwa na benchi refu lililolainishwa na makalio ya mama za watu, ukuta wa rangi ya kijani mpaka kifuani na nyeupe juu, na harufu ya mboga za nyumba nyingi zikikutana. Walinzi walionja kila sufuria. Mmoja wao alisifu sana maharage yangu, akawa ananisubiri, na mimi nikawa napika maharage zaidi ili yabaki ya Ilunga. Miezi ya kwanza Ilunga alikuja na hadithi za chumba chao, nani anakoroma, nani anaota kwa sauti. Alikuwa bado anacheka. Kisha siku moja ya mvua kubwa, mabati yanapiga kelele mpaka ilinibidi nisogeze sikio, alisema bila kunitazama:

"Yaya, labda ni mi kweli."

"Unasema nini?"

"Labda kuna kitu nilibonyeza. Najikumbusha kila siku. Kuran inaenda, grupu inawaka, mi nafanya nini na mikono? Sijui tena. Benye kutengeneza mashini basema ni mutu. Bo njo banaijua."

Nilimwambia nilichosikia kwa Didier, kwa mara nyingine tena, neno kwa neno. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeitikia mahubiri. Hakuamini. Mtu aliyefungwa anaamini kilichoandikwa zaidi ya anachoambiwa na dada yake, na kilichoandikwa kilimwambia yeye ni mwizi au mjinga. Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa, sufuria tupu kichwani. Kabla ya siku ile nilikuwa natafuta haki. Baada ya siku ile nilitaka walipe. Nilitaka waone kichwa cha mtu wao kikianza kutilia shaka mikono yake mwenyewe. Nasema hivi kwa utulivu. Nimeungama mambo mengi kanisani, hilo sijaliungama, kwa sababu ningelazimika kusema najuta.

Tata Saidi ndiye aliyenipeleka kwa Aline. Alikuwa mtu wa sala, mzaliwa wa upande wa mashariki, na aliona ni aibu yake binafsi kwamba mtoto amefungwa kwa sababu ya lori lake. Alisema kuna kiwanda cha shaba upande wa Likasi chenye mizani ya kampuni ileile, tena chenye mkataba halali, na karani wake ni binti anayewaheshimu madereva. Tulikwenda naye asubuhi, tukala mikate ya kukaanga njiani kutoka kwenye gazeti lililolowa mafuta. Ofisi ya Aline ilikuwa na baridi ya mashine, kalenda ya kanisa, chupa ya chai, na kiatu kimoja chini ya meza kwa kuwa alikuwa amekaa na mguu mmoja chini yake kama mtoto. Alikuwa mdogo kwangu kidogo. Nilimweleza. Hakuuliza maswali mengi. Alifunga mlango, akaandika namba ya siri, akazungusha kioo cha kompyuta ili na mimi nione.

Nilikuwa nimeungoja ukurasa ule tangu mvua za kwanza mpaka kiangazi. Niliuwazia wakati wa kusonga bukari. Niliuona ni mrefu, umejaa maelezo, una michoro labda, na mahali fulani umeandikwa waziwazi: umeme ukikatika lori likiwa juu ya mizani, kompyuta huandika uzito wa lori lililotangulia. Aline alisoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, taratibu. Katika hali adimu, thamani isiyotarajiwa inaweza kuonekana kwenye kumbukumbu. Imetatuliwa.

"Endelea," nikasema.

"Imeisha, yaya."

"Shuka chini."

"Nimeshuka. Hakuna kitu. Njo ile tu."

Tata Saidi alikuwa ameegemea mlango. "Thamani isiyotarajiwa," akasema polepole. "Ni nani hakuitarajia? Bo ao sisi?"

Hali adimu. Nataka msomaji akae na maneno hayo kama nilivyokaa nayo. Mwandishi wake aliketi mahali ambapo umeme haukatiki, na ukikatika lori linashushwa mizanini kwa utaratibu, linazunguka, linapanda tena. Kwetu umeme ulikuwa unaenda karibu kila mchana. Na hakuna dereva wa mkoa wetu wa Lualaba anayeshuka kwenye mizani umeme ukikatika. Umelala kwenye foleni, umekula vumbi, umefika juu, ushuke uende wapi? Walio nyuma yako wataingia, nawe utarudi mwisho wa mstari. Unazima injini, unakaa juu, unasubiri jenereta. Karani naye hawezi kukushusha, watampiga. Ndivyo tulivyofanya kazi, kila depo, kila barabara. Kitu walichokiita adimu kilikuwa mchana wetu wa kawaida. Walikijua, wakakipa namba, wakakifungia kwa ufunguo, na nyuma ya ufunguo hawakuweka kitu. Heri wangeficha ukweli. Walikuwa wanaficha sentensi tupu.

Aline aliuchapa ukurasa ule. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, mashine iliandika jina la aliyeufungua. Nilimwonyesha, nikachukua mkasi uliokuwa mezani ili nikate. Alinishika mkono.

"Wacha. Karatasi haina jina ya mutu, hakimu ataona ni ya bongo, ya kudanganya."

"Watakufukuza."

"Labda." Alikunywa chai. "Na mi pia nilishaandika kilo ya bongo hapa, yaya. Na mi pia kuna dereva alinitukana mbele ya batu. Bakinifukuza, usiniambie pole. Siku utaona bale batu tena na mashini yabo, niite tu. Nataka kuwa pale."

Nilimwahidi. Hakimu aliisoma karatasi, akakohoa, akaisoma tena. "Mama, hii haisemi kitu." Na alisema kweli. Ilikuwa karatasi ya kampuni na haikusema kitu. Basi nikaachana na karatasi.

Mizani ya Kalenga ilikuwa imeoshwa, lakini depo nyingine barabarani zilikuwa bado na toleo la zamani, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wenyewe kwamba marekebisho mbalimbali yanawahusu. Tata Saidi alikusanya madereva kwenye malewa yangu. Walikula, wakabishana, kila mmoja alikuwa na siku yake ya kuonewa. Tukapatana. Kila umeme ukikatika, mahali popote penye mizani ile, wataita mwenye depo atoke aangalie kwa macho. Na kwenye depo moja ya barabara ya Likasi, ambayo mwenyewe alikuwa mtu wa kelele na mwenye marafiki wengi, tulifanya yetu. Trela la mawe lilipimwa likashuka. Nyuma yake, badala ya lori, ikapanda pikipiki ya teksi. Nyuma ya kijana wa pikipiki nilikuwa mimi, na sufuria ya bukari mapajani. Karani akapiga kelele kwamba hapa si pa kuchezea. Mwenye depo akatoka akiwa na kijiti cha meno mdomoni. Tukakaa tu, kama wafanyavyo wote, mpaka umeme ukaenda. Tukasubiri. Jenereta ikawaka. Karani akatazama kioo, akatazama pikipiki, akarudi kwenye kioo.

"Soma," Tata Saidi akamwambia.

Karani akasogea kando. Mwenye depo akaingia akasoma mwenyewe, kisha akatoka akanitazama mimi, na sufuria, na pikipiki.

"Mama," akasema, "weye unakula nini kwako?"

Foleni nzima ikalipuka. Watu walipiga honi. Mwingine akapaza sauti kwamba Yaya peke yake anazidi machimbo, mwingine kwamba nisishuke haraka barabara itapasuka. Mimi sikucheka. Niliketi pale juu ya mizani nikiwa na uzito wa trela la mawe, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilijihisi mwepesi. Yule bwana alimpigia simu Kalenga palepale, akimcheka kwa jina kwamba alimfunga karani bure kwa makosa ya mashine. Kicheko kile kilifanya kazi ambayo machozi yangu hayakuifanya. Haikupita wiki Kalenga akaja kwenye malewa, akaketi, akaomba chai, akaniambia ameondoa mashitaka. Hakusema pole. Nilimpa chai bila sukari.

Depo moja baada ya nyingine ziling'oa ile mizani. Madereva walihakikisha: walipanda na mikokoteni, na mbuzi, na siku moja na kwaya ya vijana iliyokuwa inaenda mazoezini. Habari ilifika Likasi kabla ya magari. Didier akaja tena kwangu, viatu vyake vikiwa vya rangi yetu sasa.

"Mama, unaua kazi yangu. Barabara yote banarudisha mashini. Ba shefu bananiuliza mi: imekuwa je?"

"Nawe unajibu nini?"

"Sijui nijibu nini. Bananiambia makosa ni yangu."

Nilimtazama mikono. Alikuwa ameilaza juu ya plastiki ya maua, anaiangalia kama si yake. Nilitaka kuona hicho, nikakiona. Sitasema uongo kwamba kiliniumiza.

"Pole, tata," nikamwambia. "Labda ni hali adimu."

Samaki niliyemwekea hakumgusa. Alitoka, na nikammaliza mwenyewe yule samaki, wote, mpaka kichwa.

Ilunga alitoka gerezani na nguo zilizokuwa kubwa kwake. Nilidhani nimeshinda. Lakini mashitaka yaliondolewa tu. Hakuna aliyeandika kwamba hakufanya. Ripoti ilibaki na maneno yake: makosa ya mtu. Kila alipoomba kazi walipiga simu kwa Kalenga, na Kalenga alisema ukweli wote, kwamba aliwahi kufungwa, kwamba kesi ilikwisha. Mwishoni alikwenda Dilolo, mpakani, anapakia bidhaa za watu kwenye mabehewa. Ana mke, ana watoto, ana mzaha. Ukimpa simu akusomee ujumbe, anakurudishia. Hagusi kitu chenye kioo. Kampuni haikuwahi kuandika sentensi moja juu yake. Wangeandika moja tu, wazi, yenye jina lake, ningekuwa mtu mwingine.

Na Aline walimfukuza. Jina lake lilikuwa chini ya karatasi iliyobaki kwenye faili la hakimu, kampuni ikaliona, ikamwandikia mwajiri wake kwamba amevunja siri ya mkataba. Siri ya sentensi tupu. Nilikwenda Likasi na kitenge na kuku, nikamkuta anafungasha. Alichukua kuku, akarudisha kitenge. "Nilikuambia kile nataka," alisema. "Kitenge haiko ndani."

Sasa wamerudi. Jina la kampuni ni jingine, rangi ni nyingine, lakini ile sura ya maandishi kwenye kioo naijua. Wamefunga mizani mpya kwenye depo iliyo nyuma ya soko la Manika. Nilikwenda juzi, nikamsalimu karani, msichana mwenye heshima, nikamuuliza kama amewahi kuona maelezo ya kasoro zake. Akanionyesha: marekebisho mbalimbali. Nikamuuliza mengine yako wapi. Akasema yapo, ila yana namba ya siri.

Namba ya simu ya Aline haipiti tena. Nimeambiwa alihamia upande wa Sandoa, analima, ameolewa na mtu wa huko. Kabedi amekwenda kumtafuta kwa basi, amerudi na majina ya vijiji tu. Nimemtuma tena. Madereva wapya, wana wa wale wa zamani, wanakuja kwenye malewa kuniuliza tunangoja nini, kuran inakatika kila siku, Yaya, mambo iko tayari. Nawapa chakula, nawaambia wale. Kuna mtu nilimwahidi nitamwita, na bado sijamwita.